Mpime Mama na Watoto kwa Pamoja: Mwongozo wa Uzito wa Nguruwe Anayenyonyesha kwa Wafugaji wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Nguruwe mwenye watoto kumi hutoa maziwa kilo nane hivi kwa siku, na wa mbegu nzuri hupita hapo. Maziwa hayo yanatoka sehemu mbili tu: kwenye chakula alichokula leo, au kwenye mwili wake mwenyewe. Chakula kikipungua haachi kunyonyesha. Anachota mafuta ya mgongoni kwanza, kisha anaingia kwenye misuli. Siku kumi za mwanzo huoni kitu, watoto wanang'aa na wanajaa. Wiki ya tatu ndipo ukuaji unaanza kulegea, na deni lililobaki unalipa baadaye, pale mama anapoachishwa na siku zinapita bila kuingia joto, yaani bila kuwa tayari kupandishwa.

Ndiyo maana uzito wa watoto peke yake unaweza kukudanganya, na uzito wa mama peke yake haukuelezi mengi. Visome pamoja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipima kwa vifaa vya kawaida, namna ya kuelewa majibu, na la kufanya na chakula tunachokipata huku kwetu.

Ukizunguka mabanda ya Buhongwa, Kisesa, Usagara mpaka Misungwi, utakuta kosa lilelile. Nguruwe mwenye mimba anashibishwa mpaka mgongo unakuwa bapa, halafu akishazaa anaendelea kupewa kipimo kilekile asubuhi na jioni, sasa akiwa na midomo kumi inayomtegemea. Inatakiwa iwe kinyume: mwenye mimba ale kwa kipimo, anayenyonyesha ale mpaka abakize.

Hesabu iliyo nyuma ya jambo lote

Kila kilo moja wanayoongeza watoto kabla hawajaanza kula inatokana na takriban kilo nne za maziwa. Chukua watoto kumi waliozaliwa na kilo 1.3 kila mmoja, jumla kilo 13. Siku ya 21 wakiwa na kilo 5.5 kila mmoja, jumla ni kilo 55. Wameongeza kilo 42. Zidisha kwa nne, unapata kilo 168 za maziwa kwa siku 21, yaani kilo 8 kila siku. Ng'ombe wa kienyeji wa Usukumani hafikishi nusu ya hapo, na nguruwe huyu tunamtarajia ayatoe kwa pumba tupu.

Siku ya 21 nimeichagua kwa sababu. Mpaka hapo karibu ukuaji wote wa watoto ni maziwa ya mama, kwa hiyo uzito wao ndio kipimo cha maziwa yake. Maziwa hufika kileleni karibu na wiki ya tatu, kisha yanaanza kushuka huku njaa ya watoto ikipanda. Baada ya hapo chakula chao wenyewe kinaingia na hesabu inachanganyika.

Kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi hulikataa mpaka walione: nguruwe aliyenona sana wakati wa mimba ndiye anayekonda haraka zaidi akinyonyesha. Mwili wenye mafuta mengi hupunguza hamu ya kula baada ya kuzaa. Anakula kidogo, anachoma mafuta yake, na maziwa hayafiki inavyotakiwa. Isitoshe kuzaa kwake huchukua muda mrefu, anachoka, na akilala hulala kwa uzito wote, watoto wanakandamizwa. Unono wa mimba si akiba ya maziwa.

Hatua ya kwanza: andaa vifaa na daftari

Unahitaji futi ya fundi cherehani, mzani wa kuning'iniza kama ule wanaotumia wachuuzi wa samaki mwaloni Kirumba, ndoo yenye mfuniko au kiroba safi, na daftari. Mzani wa kupima nguruwe mzima ni ghali na hauhitajiki.

Usiazime mzani, kiroba wala kamba kutoka banda la jirani. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na inasafiri kwenye viatu, vyombo na nguo kama inavyosafiri na nguruwe mwenyewe. Ikibidi mshirikiane mzani, uoshwe kwa sabuni, utiwe dawa ya kuua vijidudu na ukauke juani kabla haujavuka mlango wako. Kiroba kisiazimwe kabisa.

Hatua ya pili: mpime mama

Mpime wakati anakula, kichwa kikiwa ndani ya kihori na miguu minne imesimama sawa. Pitisha futi nyuma ya miguu ya mbele, izunguke kifua, ikaze kiasi cha kugusa ngozi bila kuibana. Huo ni mzunguko wa kifua. Kisha pima urefu kwa kufuata mgongo, kuanzia katikati ya masikio mpaka mkia unapoanzia. Akiinua kichwa urefu unabadilika, kwa hiyo subiri akishushe. Rudia mara tatu, chukua kipimo cha katikati, na mpimaji awe yuleyule kila mara.

Andika vipimo kwa mita, kisha: mzunguko mara mzunguko, mara urefu, mara 69.3. Jibu ni kilo.

Mfano: mzunguko mita 1.30, urefu mita 1.40. Hapo ni 1.30 × 1.30 × 1.40 × 69.3, sawa na kilo 164. Siku ya 21 unapima tena, urefu ni uleule ila mzunguko ni mita 1.24. Jibu ni kilo 149. Amepoteza kilo 15, asilimia 9 ya mwili wake. Lakini mzunguko ukisoma mita 1.20, amebaki na kilo 140. Hizo ni kilo 24, karibu asilimia 15. Kwa macho huwezi kutofautisha nguruwe hawa wawili kwa urahisi, ilhali sentimita nne tu za futi zimetenganisha mama aliye salama na aliye hatarini.

Njia hii ya futi inaweza kukosea kilo kadhaa, na hilo halina shida sana, kwa sababu tunachotafuta ni mabadiliko ya nguruwe yuleyule kwa mkono uleule.

Kipimo cha kwanza kifanyike ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Ukipima kabla, utahesabu watoto, maji ya uzazi na kondo la nyuma, vitu vinavyoweza kufika kilo 20 au zaidi, na hesabu yote itaharibika. Cha pili siku ya 21. Cha tatu siku ya kuachisha.

Kila jumamosi, bila futi, tumia kiganja. Kiweke mgongoni karibu na nyonga na ukandamize. Mifupa ukiihisi bila kukandamiza kabisa, amekonda. Ukiihisi kwa kukandamiza kwa nguvu ya kawaida ya kiganja, yuko sawa. Ukikandamiza mpaka unachoka na huhisi mfupa, amenona kupita kiasi. Wataalamu huipa hali hii alama 1 hadi 5, 1 ni aliyekonda kabisa na 5 ni aliyenona kupita kiasi: azae akiwa na 3 au 3.5, na siku ya kuachisha asishuke chini ya 2.5.

Hatua ya tatu: pima watoto

Pima siku ya kuzaliwa wakishanyonya dang'a (maziwa ya kwanza), siku ya 7, ya 21 na siku ya kuachisha. Watoe mpaka mahali ambapo mama hawaoni wala hasikii kelele zao, la sivyo atavunja mlango. Mmoja mmoja ndani ya ndoo, andika, rudisha. Kazi yote isizidi robo saa, kwa sababu watoto hunyonya kila baada ya dakika 45 hadi 60 na maziwa hutiririka kwa sekunde 10 hadi 20 hivi tu. Anayekosa zamu anasubiri zamu nyingine akiwa na njaa.

Usiandike jumla tu, andika na mdogo kabisa. Aliyezaliwa chini ya kilo moja yuko kwenye hatari kubwa, na pengo kati ya mkubwa na mdogo likizidi kupanuka kila wiki, mara nyingi ni chuchu za nyuma ambazo hazitoi. Chuchu za mbele ndizo zenye maziwa mengi, na ndani ya siku chache za mwanzo kila mtoto anakuwa ameshamiliki yake. Kwa hiyo kama una nguruwe wawili waliozaa karibuni, hamisha watoto ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, baada ya dang'a. Baadaye watapigana na kukataliwa.

Hatua ya nne: soma majibu

Mama amepungua chini ya asilimia 10 na watoto wamefika kilo 5 au zaidi siku ya 21: endelea hivyohivyo.

Mama amepungua sana lakini watoto wamefika vizuri: hapa ndipo mfugaji husifiwa na majirani. "Watoto wa nguruwe wako wamejaa kweli!" Wamejaa kwa misuli ya mama yao. Usipoongeza chakula leo, atachelewa kuingia joto, na uzao ujao huenda ukawa na watoto wachache. Akiwa ni mtamba wa uzao wa kwanza, hali ni nzito zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe bado anakua, tumbo lake bado dogo, na hana akiba. Mtamba wa namna hii usimwachie watoto kumi na wawili hata akiwa na chuchu za kutosha.

Mama hajapungua, pengine ameongezeka, na watoto wamedumaa: chakula kinaingia ila maziwa hayatoki. Gusa kiwele. Kikiwa kigumu, cha moto na anakataa kulala ubavu kunyonyesha, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kiwele kikiwa laini, angalia maji. Hesabu pia chuchu zilizo hai. Na watazame watoto wenyewe: wanaoharisha hudumaa hata maziwa yakiwa mengi.

Mama amekonda na watoto wamekonda: njaa, kiu, joto au minyoo, na mara nyingi zaidi ya kimoja. Anza na maji na chakula leo, kabla hujatafuta dawa.

Hatua ya tano: chakula, tangu mimba

Mimba ni siku 114. Mpaka siku ya 85 hivi, kilo 2 hadi 2.5 za chakula kilichochanganywa zinatosha kwa siku, ukiongeza kwa aliyekonda na kupunguza kwa aliyenona. Majani ya viazi vitamu mpe kwa wingi, yanashibisha bila kunonesha na yanazuia choo kigumu. Mwezi wa mwisho panda mpaka kilo 3, maana hapo ndipo watoto wanaongezeka uzito tumboni. Siku ya kuzaa kidogo tu, na maji tele.

Baada ya kuzaa anza na kilo 2, kisha ongeza nusu kilo hadi kilo moja kila siku, ili ifikapo siku ya 7 awe kwenye kipimo chake kamili. Kipimo hicho ni kilo 2 kwa ajili ya mwili wake, na nusu kilo kwa kila mtoto. Watoto kumi, kilo 7. Ukimpa zote siku ya kwanza, atakinai na kugoma kwa siku mbili tatu.

Kilo 7 ni nyingi, na hapa ndipo pumba zinatuangusha. Tumbo lina mwisho. Nguruwe anayekula pumba za mpunga zenye makapi anajaa kabla hajapata anachohitaji. Cha kunyonyesha kiwe chakula kizito chenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Mchanganyiko wa kilo 100 ninaoupendekeza kwa vitu vya huku: mahindi yaliyoparazwa kilo 35, pumba laini za mahindi 30, mashudu ya alizeti 14, dagaa 9, soya iliyokaangwa na kusagwa 8, chokaa na unga wa mifupa 3 kwa pamoja, chumvi nusu kilo na mchanganyiko wa vitamini na madini nusu kilo. Soya mbichi usiitumie, inazuia protini isimeng'enywe.

Dagaa wa ziwa ndio utajiri wetu, ila wanaoanikwa chini wanakuja na mchanga, na mchanga unaulipia kwa bei ya dagaa. Kabla hujanunua gunia, tumbukiza viganja viwili vya dagaa hao kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri dakika moja, kisha mimina taratibu na utazame kilichobaki chini. Kikiwa safu inayofunika sakafu ya ndoo, tafuta mchuuzi mwingine. Mapanki (mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa) kutoka viwanda vya samaki nayo yanafaa, yakichemshwa na kutumika siku hiyohiyo. Mashudu ya pamba yamejaa kanda hii na ni rahisi, lakini yana sumu ya asili inayomwathiri nguruwe. Kwa nguruwe wazazi nashauri yaachwe kabisa. Mabaki ya hotelini yachemshwe kwa angalau nusu saa huku yakikorogwa, kwa sababu ya homa ya nguruwe ya Afrika.

Pima chakula kwa mzani mara moja, uweke alama kwenye ndoo. Ndoo ya pumba na ndoo ya mahindi ya kuparaza hazina uzito sawa, na "ndoo mbili" za kijana wa banda si lazima ziwe ndoo mbili zako.

Hatua ya sita: maji na joto

Anayenyonyesha anahitaji lita 20 hadi 40 za maji kwa siku. Mabanda mengi yaliyo milimani yanaliona ziwa lote na bado maji yanaletwa kwa madumu, kwa hiyo anayekata gharama huanza na ya nguruwe. Kabla hujanunua dawa yoyote ya kuongeza maziwa, hakikisha kihori cha maji hakikauki hata usiku. Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa, na asiyekunywa hali.

Joto nalo linaua hamu ya kula. Nguruwe mzazi anapenda nyuzijoto 18 hadi 22, na mchana wa Mwanza unapita hapo kwa urahisi, hasa chini ya bati. Mlishe saa 11 alfajiri na saa 2 usiku, wakati hewa imepoa, mchana umpe kiasi kidogo. Tandaza nyasi juu ya bati, acha ukuta wazi upande unaovuta upepo wa ziwa. Mchana mkali mmwagie maji shingoni na mabegani, sakafu ya watoto ibaki kavu.

Watoto wanataka kinyume, nyuzijoto 32 hadi 34 siku za mwanzo. Watengenezee kona yao yenye nyasi kavu na taa au chanzo kingine cha joto, iliyozibwa upepo, mama asiifikie. Wakilala wamerundikana, wanasikia baridi. Wakitawanyika na kuhema, joto limezidi.

Hatua ya saba: mpunguzie mama mzigo

Kuanzia siku ya 10 waweke watoto chakula chao kidogo kidogo mahali mama hafiki, kikiwa kipya kila siku. Hawatakula cha maana mpaka wiki ya tatu, lakini wanajifunza.

Kama siku ya 21 mama amepoteza zaidi ya asilimia 10, usisubiri wiki nane kama ilivyozoeleka vijijini. Siku ya 28 watoe wakubwa watatu au wanne waliokwisha kuzoea chakula, wadogo wabaki na chuchu za mbele. Wengine watoke kati ya siku ya 35 na 42. Wadogo watashika mwendo na mama atapumua.

Siku ya kuachisha ondoa mama, watoto wabaki kwenye banda wanalolijua. Ile desturi ya kumnyima mama maji ili maziwa yakauke iachwe, inamwumiza bure. Mpe kilo 3 za chakula kizuri mpaka apandishwe. Aliyeachishwa akiwa na hali nzuri huingia joto ndani ya siku 4 hadi 7. Zikipita siku 10, rudi kwenye daftari: karibu kila mara utakuta kilo nyingi zilizopotea kati ya kuzaa na siku ya 21. Huyo mwache joto moja lipite, mlishe, umpandishe linalofuata.

Nguruwe aliyelishwa ipasavyo, akapata maji, na bado kwa uzao mara mbili mfululizo watoto wake hawafiki kilo 5 siku ya 21, muuze akiwa na nyama mwilini, usimpandishe tena. Mrithi wake mchague kwenye uzao uliofanya vizuri katika daftari lako, awe na chuchu nzima zisizopungua 12, na asipandishwe kabla ya kilo 110 hadi 120.